Maswali ya Wasomaji: Alama Tisini, Lakini Kemia Haijaeleweka

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwalimu kijana wa Kemia katika shule ya sekondari ya kata mkoani Singida, na ninafundisha Kidato cha Kwanza na cha Pili. Kila mada inapokwisha huwapa wanafunzi wangu jaribio la maswali 20 ya kuchagua pamoja na machache ya kueleza maana ya istilahi, na wengi hufanya vizuri. Juzi niliwauliza kwa mdomo ndani ya mapovu ya maji yanayochemka mna nini. Karibu darasa zima, wakiwamo waliopata alama 90, walinijibu kuwa ni hewa, na wachache wakasema ni haidrojeni na oksijeni. Nilivunjika moyo. Nitunge jaribio la namna gani ili nijue kama wameelewa kweli dhana hizi za mwanzo?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Usivunjike moyo, kwa maana swali lako moja la mdomo limekufundisha juu ya wanafunzi wako kuliko yale 20 ya kwenye karatasi. Mapovu ya maji yanayochemka ni mvuke wa maji, yaani maji yale yale katika hali ya gesi. Anayejibu kuwa ni hewa ana kisingizio, kwa sababu vipovu vidogo vinavyotangulia kuonekana kabla maji hayajachemka ni hewa iliyokuwa imo ndani ya maji. Anayejibu kuwa ni haidrojeni na oksijeni ndiye wa kumtazama kwa makini zaidi. Huyo ameshika kuwa maji yameundwa kwa elementi hizo mbili, kisha akadhani moto wa jiko unatosha kuzitenganisha. Yamkini ndiye aliyeandika bila kosa hata moja tofauti kati ya mabadiliko ya kimaumbile na mabadiliko ya kikemia. Maneno anayo, picha ya kinachotokea hana.

Jambo hili halikuanza Singida. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani, Susan Nurrenbern na Miles Pickering, walionyesha kuwa wanafunzi wengi wanaokokotoa vizuri maswali ya gesi hushindwa kuchagua mchoro sahihi wa jinsi chembe za gesi hiyo hiyo zinavyokaa ndani ya chombo. Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, alieleza chanzo cha ugumu huo kwa namna ambayo mimi binafsi imenisaidia sana darasani: Kemia husemwa katika ngazi tatu kwa wakati mmoja, yaani ngazi ya vitu tunavyoviona na kuvigusa, ngazi ya chembe tusizoziona, na ngazi ya alama na milinganyo. Mwalimu huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine bila kujitambua, na mwanafunzi hubaki na ile ya alama kwa sababu ndiyo inayokaririka. Sasa chukua jaribio lako la mwisho uhesabu ni maswali mangapi yanagusa chembe. Nina hofu kwamba hutafikisha matatu.

Dawa ninayokupendekezea ni swali la kuchagua lenye sehemu mbili, ambalo David Treagust wa Australia alilieleza kwa utaratibu mzuri mwaka 1988. Katika sehemu ya kwanza mwanafunzi huchagua jibu, na katika ya pili huchagua sababu ya jibu hilo. Huu hapa mfano wa mada ya michanganyiko. Gramu 20 za sukari zinakorogwa ndani ya gramu 100 za maji mpaka sukari isionekane tena. Tungamo la kilichomo ndani ya kikombe litakuwa (A) gramu 100, (B) zaidi ya 100 lakini chini ya 120, (C) gramu 120, au (D) zaidi ya 120? Kisha: umechagua hivyo kwa sababu (1) sukari imetoweka na kubakiza utamu tu, (2) chembe za sukari zimesambaa kati ya chembe za maji na hakuna iliyopotea, (3) sukari ikishakorogwa huwa nyepesi kuliko ilivyokuwa kavu, au (4) sukari imegeuka kuwa maji?

Tazama faida yake. Mwanafunzi aliyechagua C pamoja na sababu ya 4 angepata alama kamili katika jaribio lako la kawaida, nawe ungesonga mbele ukiamini kwamba anajua. Isitoshe, kubahatisha kunapungua sana, kwa kuwa katika swali lenye majibu manne asiyejua kitu ana nafasi moja kati ya nne, na katika maswali 20 anaweza kujiokotea kama matano bila kusoma. Akitakiwa kupatia jibu na sababu kwa pamoja, nafasi yake inashuka hadi moja kati ya 16.

Ugumu wa maswali haya uko katika majibu yasiyo sahihi, yale ambayo watunzi wa mitihani huyaita vipotoshi. Usiyabuni mezani kwako. Wape wanafunzi swali lile lile bila majibu ya kuchagua, waandike sababu zao kwa sentensi mbili, nawe uyakusanye makosa yao jinsi walivyoyaandika. Hayo ndiyo yatakayokuwa vipotoshi vyako mwaka ujao. Kipotoshi ambacho hakuna mtoto aliyewahi kukiamini kinapoteza wino tu, lakini kile kilichotoka katika daftari la mwanafunzi humvuta kila anayewaza kama yeye, na hapo ndipo unapomtambua.

Katika kukusanya makosa hayo utakutana na suala la lugha, nalo ningependa tulikalie kidogo. Wanafunzi wako wengi wamesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wakaingia Kidato cha Kwanza na kuikuta Kemia kwa Kiingereza. Kiswahili chetu cha kila siku kina kitenzi kimoja, kuyeyuka, kwa barafu inayogeuka maji juani na kwa sukari inayopotea ndani ya chai. Mtoto anayeandika kwamba sukari imegeuka maji analifuata neno alilolijua kabla hajaijua Kemia, wala hajafanya uzembe. Kiingereza kinayatenganisha mambo hayo mawili, lakini kwake yeye maneno hayo mapya mawili ni tafsiri ya neno lake moja. Mweleze waziwazi, kwa Kiswahili, kwamba sukari inayokaangwa peke yake sufuriani kwa ajili ya kashata inakuwa kimiminika kwa joto bila kuhitaji maji, na kwamba sukari ya kwenye chai haikuwa kimiminika hata kidogo, bali chembe zake zimetawanyika ndani ya maji. Kisha uliza swali linaloziweka kashata na chai pamoja. Katika majaribio ya uchunguzi yasiyoingia katika alama za muhula, waruhusu waandike sababu kwa Kiswahili. Ukiwalazimisha kueleza kwa lugha wasiyoimudu, utakuwa unapima Kiingereza chao, nawe utadhani umepima Kemia.

Waombe pia wachore. Mpe mwanafunzi mlinganyo N₂ + H₂ → NH₃, ambao ataulinganisha bila shida kuwa N₂ + 3H₂ → 2NH₃, halafu mwambie achore chembe kabla na baada ya mmenyuko kwa viduara. Utawaona wanaochora haidrojeni kama viduara sita vilivyounganishwa katika mnyororo mmoja badala ya jozi tatu, kwa sababu hawajatofautisha namba inayotangulia na ile ndogo ya chini. Hakuna ukokotoaji utakaokufichulia hilo. Mchoro mmoja huchukua dakika tatu kuuchora na sekunde chache kuusahihisha, na kwa darasa la wanafunzi 80 hilo si jambo dogo.

Kuhusu kudumu kwa tungamo, jaribu swali la magnesiamu. Utepe wa gramu 2.4 unaungua wote kwa kuungana na oksijeni, na majivu yake meupe yote yanakusanywa. Je, majivu yatakuwa mazito kuliko utepe, mepesi kuliko utepe, au sawa nao? Watoto waliokulia kwenye jiko la mkaa wanajua kuwa debe zima huishia kuwa konzi chache za majivu, kwa hiyo wengi watasema mepesi. Jibu ni gramu 4.0, kwa sababu gramu 1.6 za oksijeni zimejiunga na magnesiamu. Baada ya hapo warudishe kwenye mkaa wao na uwaulize ulikwenda wapi. Kaboni yake imeungana na oksijeni na kuondoka ikiwa gesi, hasa hewa ukaa, na laiti wangeweza kuikusanya na kuipima gesi hiyo, wangekuta hakuna kilichopungua.

Sikushauri uyaache maswali ya kueleza maana ya istilahi, kwa kuwa wanafunzi wako watakutana nayo katika Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, na msamiati sahihi ni haki yao. Yaweke machache. Maswali sita ya sehemu mbili kwa kila mada yanatosha kukupa sura ya darasa. Unaposahihisha, usiishie kwenye jumla ya alama, bali hesabu ni wangapi walichagua kila jozi ya jibu na sababu. Ukikuta robo ya darasa imeangukia kwenye jozi moja ya makosa, ahirisha mada mpya hata kama ratiba inakubana.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kidato cha Pili. Nimekariri elementi 20 za kwanza pamoja na alama na valensi zake zote, lakini katika mtihani wa muhula nilipata 38. Tuliulizwa kwa nini argoni hutangulia potasiamu katika jedwali la elementi ingawa atomu zake ni nzito zaidi, na swali hilo halimo katika daftari langu. Je, ni haki kuuliza kisichofundishwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kama mwalimu wenu hakuwafundisha kabisa namba ya atomu, una haki ya kulalamika, na mwendee kwa adabu umweleze. Ila kama aliifundisha, swali ni la haki na ni zuri, kwa sababu jibu lake unalo tayari bila kujua. Mkemia wa Urusi, Mendeleev, alipotoa jedwali lake mwaka 1869 alizipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomu. Argoni iligunduliwa mwaka 1894, na ilileta tatizo: uzito wake ni 39.95 na wa potasiamu ni 39.10, kwa hiyo ukifuata uzito, potasiamu, metali inayowaka ikigusa maji, itakaa pamoja na gesi zisizomenyuka. Mwaka 1913 mwanafizikia wa Uingereza, Moseley, alionyesha kwa kutumia eksirei kwamba mpangilio sahihi hufuata namba ya atomu, yaani idadi ya protoni. Argoni ina 18, na potasiamu ina 19.

Kukariri kwako hakujapotea. Pitia elementi zako 20 na mbele ya kila valensi uandike sentensi moja inayoanza na neno "kwa sababu". Kwa mfano, valensi ya magnesiamu ni 2 kwa sababu elektroni zake zimepangwa 2, 8, 2, nayo huzipoteza mbili za nje. Utakapokwama, hapo ndipo pa kumpelekea mwalimu swali.

SWALI: Shule yetu haina maabara. Nitapimaje stadi za vitendo za Kidato cha Kwanza? (Mwalimu, Kigoma)

JIBU: Pole sana, mwalimu, na hongera kwa kutokata tamaa. Loweka choya, wengine huiita rozela, katika maji ya moto, upate kioevu chekundu. Kikitiwa limau hubaki chekundu, na kikitiwa maji ya majivu yaliyochujwa au magadi hugeuka kuelekea bluu au kijani. Kwa gesi, koroga chokaa ya ujenzi katika maji, iache ituame usiku kucha, kisha uchuje upate maji maangavu. Mwanafunzi akipuliza kwa mrija, hewa ukaa ya pumzi yake huyafanya kuwa meupe kama maziwa. Andaa chokaa mwenyewe kwa sababu huunguza macho, na uwaonye wapulize tu, wasivute.

Kinachopimwa ni karatasi yenye nafasi tatu. Kabla ya kugusa chochote mwanafunzi anaandika anachotabiri na sababu yake, na karatasi hiyo unaipitia na kuitia sahihi. Kisha anaandika alichokiona, na mwisho anaeleza kwa nini utabiri wake umetimia au haukutimia. Aliyetabiri vibaya lakini akaandika kwa uaminifu alichokiona na kukieleza vizuri, mpe alama zote za sehemu mbili za mwisho, na uwatangazie hivyo mapema, la sivyo watabadilisha utabiri wao ili ufanane na matokeo.