Nilivyomweleza daktari wangu kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito

Mara tatu nilikwenda kwa daktari wangu wa familia nikiwa na swali moja, na mara mbili nilirudi nalo nyumbani. Safari ya kwanza nilisingizia mafua, ya pili goti. Ya tatu nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango nilipogeuka na kuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja ya jibu, iwapo upasuaji wa kupunguza uzito ungeweza kunifaa. Daktari alitazama saa, akasema swali hilo linahitaji nusu saa naye amebakiwa na dakika mbili, akanipangia siku nyingine. Kwa hiyo, litaje jambo lenyewe tangu unapoomba miadi, ili utengewe muda wa kutosha.

Siku hiyo nilibeba karatasi ya daftari niliyoiandika usiku wa kuamkia miadi: mwaka niliopungua kilo 14 nikarudisha 17, dawa zote ninazomeza, magonjwa ya wazazi wangu. Aliisoma polepole, kisha badala ya kuniuliza ninakula nini, kama nilivyoogopa, akauliza ninalalaje. Nikamweleza kwamba mume wangu aliwahi kuniamsha akidhani nimeacha kupumua. Sikuwa nimeliandika hilo kwa kuwa niliona ni jambo la kukoroma tu, kumbe kukatika pumzi usingizini ni miongoni mwa maradhi yanayozingatiwa katika uamuzi huu, na ni hatari kwa mtu atakayepewa nusu kaputi bila wahusika kujua.

Kisha tukapiga hesabu. Kilo 112 kwa urefu wa sentimita 163 zilinipa uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI (kilo zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita), wa 42. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991 uliweka kiwango cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi makubwa yatokanayo na unene; mwaka 2022 vyama viwili vya madaktari wa upasuaji huo vilikishusha hadi 35 hata bila maradhi, na vikashauri wenye kisukari aina ya pili wafikiriwe kuanzia 30. Ukiambiwa hujafikia kiwango, uliza kwa adabu ni kiwango cha mwongozo upi.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni ile ya mambo madogo yaliyomo kwenye faili langu. Nilikuwa na kiungulia cha miaka mingi, na upasuaji wa kuondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa chakula, ukabaki kama mrija, huweza kukizidisha. Goti nalo lilikuwa limenizoesha kumeza ibuprofeni karibu kila siku; baada ya upasuaji wa aina nyingine, ule wa kutenga kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mwembamba, dawa za jamii hiyo huepukwa kwa sababu huleta vidonda. Mpasuaji ndiye angeamua, lakini bila barua ya daktari aliyenijua asingeyapata yote hayo. Mwenye kisukari aulize pia nani atampunguzia dozi, maana sukari huweza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, na mwanamke anayetarajia kuzaa aseme mapema, kwani hushauriwa kusubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu.

Kabla ya daktari huyu nilikuwa na mwingine, aliyenijibu kwamba dawa yangu ni kufunga mdomo. Nilinyamaza miaka miwili, na naijutia. Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kukataa, kwa mfano sigara usiyotaka kuiacha au sindano mpya za kupunguza uzito anazoona ujaribu kwanza, lakini sababu hutajwa. Isipotajwa, tafuta daktari mwingine.

Swali langu la mwisho lilikuwa nani atakayenipima damu baada ya upasuaji, kwa sababu nilikwisha kusoma kwamba vitamini na madini huwa ni vya maisha yote. Alicheka kidogo, akajibu, "Mimi, mama, ukinivumilia." Upasuaji una miaka minne sasa, bado ndiye anayeniagizia vipimo vya madini ya chuma na vitamini B12, na ile karatasi ya daftari ingali ndani ya faili.