Taa kuwaka si dalili kwamba waya uko salama

Mkuu, umeuliza utajuaje kama nyumba unayotaka kuhamia imefungwa umeme vizuri, maana umewasha taa zote na zimewaka. Hilo halikuambii kitu. Taa itawaka hata kama nyaya zimesokotwa na kuzungushiwa tepu juu ya dari, na itawaka hata kama nyumba nzima haina erthi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja.

Mimi ni fundi umeme, na naanzia kwenye boksi la breka. Breka ni swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ili waya usichemke. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita za mraba 1.5, na breka yake huwa ya ampea 6 au 10. Nimewahi kukuta waya huohuo umefungwa kwenye breka ya 32. Nikauliza, nikaambiwa ile ya zamani ilikuwa inajikata kila mara. Kumbe ilikuwa inafanya kazi yake! Sasa mzigo ukizidi, waya utaungua ukutani huku breka imetulia. Hili linanitisha kuliko waya unaoning'inia, kwa sababu ule kila mtu anauona.

Boksi usilifungue mwenyewe. Hata ukizima meinswichi, upande unaoingiza umeme unabaki na umeme. Hiyo ni kazi ya fundi.

Wewe kagua soketi. Tumia pasi dakika kadhaa, izime, chomoa plagi, kisha gusa uso wa soketi. Ukikuta joto kali, weusi kwenye matundu, au harufu kama ya samaki (ni plastiki inayoungua), kuna muunganiko uliolegea. Breka hailioni kosa hilo, kwa kuwa umeme unaopita haujazidi. Ni pale tu palipolegea panapochemka. Usiitumie soketi hiyo tena mpaka itengenezwe.

Kama kuna RCD (kifaa kwenye boksi kinachokata umeme ukivuja), bonyeza kitufe chake cha majaribio, cha T. Lazima ikate papo hapo. Isipokata, ibadilishwe. Ikikata, bado hujathibitisha kuwa erthi ipo, kwa sababu kitufe hicho hakipimi erthi. Wala usidanganyike na soketi ya matundu matatu: nimefungua nyingi nikakuta tundu la juu halina waya wowote. Testa ya bisibisi nayo haitakuonyesha hilo. Fundi aje na mita ya kupimia erthi, apime soketi moja moja kabla hujalipa kodi, na ukigusa friji ukasikia vidole vinatetema, zima meinswichi siku hiyohiyo.