Sanduku la Fundi: Kishikwambi kimoja, bibi na wajukuu wawili

SWALI: Kijana wangu, hujambo na kazi? Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Pangani. Nilistaafu kabla vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 havijagawiwa walimu, bahati hiyo ikanipita. Sasa nataka cha kwangu. Simu yangu ni kiswaswadu. Nikitaka kumwona mwanangu aliyeko Muscat naazima simu ya jirani, na tunaongea kwa Google Meet kwani anasema simu za WhatsApp huko hazipiti. Ninalea wajukuu wawili, mkubwa yuko darasa la saba. Nataka afanye mitihani ya nyuma ya NECTA bila kwenda steshenari kuchapisha kila mara, na mimi niandike hesabu zangu za nazi. Nina laki sita. Nimeonyeshwa vitatu: Samsung Galaxy Tab A9 mpya, iPad Air 2 iliyotumika, na kingine cha jina nisilolijua, boksi limeandikwa RAM 12, memori 512, kwa laki mbili na nusu tu. Nichukue kipi? (Mwalimu mstaafu, Pangani)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nianze na hicho cha laki mbili na nusu, maana najua ndicho kinachokuvuta.

Hiyo RAM 12 (RAM ni nafasi ya kufanyia kazi, memori ni ghala la kuhifadhia, zote kwa GB) mara nyingi ni 4 halisi na 8 za kuazima kwenye memori, na kuna vingine hata hiyo 4 haipo. Ukienda kwenye mipangilio utaoneshwa 12 na 512 vizuri kabisa, kwa sababu aliyekitengeneza ndiye aliyeandika hayo maneno humo ndani. Muuzaji akikuwashia na kukuonesha, hajathibitisha kitu. Wewe fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu pembeni, ingia Mipangilio kisha Kuhusu, utazame kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, ule ukaguzi wa Google. Kisha mwombe anakili mafaili ya video mengi mpaka memori ipite GB 64, halafu ayacheze yale ya mwisho. Kwenye memori ya uongo, jina la faili litaonekana lakini video haichezi. Akikataa jaribio hilo, mwage kwaheri. Mimi kwa darasa la saba nisingekigusa.

iPad Air 2 ni chombo kizuri ambacho wakati wake umepita. Ilitoka 2014, ina RAM 2, na mfumo wake uliishia iPadOS 15, ule wa 2021. Kioo chake bado kinapendeza, ndiyo maana watu wanazinunua, lakini kila mwaka programu nyingine inadai mfumo mpya zaidi na wewe huna pa kuupata. Kama moyo umeng'ang'ania iPad, igeuze mgongo: yenye sehemu ya laini ina ukanda wa plastiki juu, ya Wi-Fi tupu ni bati lote. Na isirudi nyumbani kabla haijafutwa yote na kuwashwa upya mbele yako. Ikiomba Apple ID ya mtu mwingine, au ikiandika kwamba inasimamiwa na shule au kampuni fulani ya ng'ambo, hiyo ina mwenyewe. Kuifuta mara ya pili hakusaidii, maandishi yale yanarudi palepale.

Kuna jambo lingine ambalo kwenu lina uzito. iPad ya nyumbani haitenganishi watumiaji. Vishikwambi vya Samsung vinakubali kila mtu awe na upande wake, kwa hiyo mjukuu hatafuta hesabu zako za nazi akitafuta mahali pa kuweka gemu.

Tumebaki na A9. Hapa, Mwalimu, nina ugomvi na inchi. A9 ina inchi 8.7, zinazopimwa kona hadi kona. Ukiisimamisha, upana wa kioo ni kama sentimita 11. Karatasi ya mtihani ni A4, upana sentimita 21. Maana yake ukurasa mzima ukitoshea kiooni umepungua hadi karibu nusu, na herufi za ukubwa wa 12 zinakuwa kama za 6 na kitu. Mtoto atavuta kwa vidole asome swali, asogeze aone mchoro, arudi kwenye machaguo ya majibu, na akifika swali la kumi atakwambia kichwa kinauma. Wewe mwenye miwani hata huko hutafika.

Dada yake, A9+, ana inchi 11, upana wa karibu sentimita 15. Herufi ile ya 12 inabaki zaidi ya 8. Ni ndogo, ila inasomeka. (iPad ile ya inchi 9.7 ina upana uleule wa 15, kwa sababu kioo chake kimekaa kimraba zaidi. Ndiyo maana nasema inchi peke yake isikudanganye.) A9+ ina uzito wa karibu nusu kilo, itataka kava la kuisimamisha mezani. Ujazo wa betri yake ni mAh 7,040 dhidi ya 5,100 ya A9. Zote mbili zinameza memori kadi.

Sasa laini. Kwa kuwa simu yako ni kiswaswadu, huna pa kurushia intaneti, kwa hiyo kishikwambi chenyewe lazima kiingie laini. Wauzaji wengi huchanganya hapa, wengine kwa makusudi, kwa sababu cha Wi-Fi tupu ni rahisi na kwa macho vinafanana. Soma namba nyuma ya boksi. Kwa A9, SM-X110 haina laini, SM-X115 inayo. Kwa A9+, SM-X210 haina, SM-X216 inayo. Hiyo X216 imeandikwa 5G, usiogope, kwenye 4G inafanya kazi vilevile. Yenye laini ina IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa. Itume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA kabla hujatoa hela, jibu linarudi na aina ya kifaa. Jibu likitaja kitu tofauti na ulichoshika, kiache hapo hapo.

Ungekuwa mama yangu ningekwambia usubiri uongeze hela uchukue X216, RAM 8 kama inapatikana, 4 kama haipatikani. Au mpe mwanao hiyo namba akuulizie huko Muscat, ila aijue dhamana yake inatambuliwa wapi. Kuna wanaonunua X210 na kirauta cha mfukoni chenye laini. Inawezekana, lakini ni kitu cha pili cha kuchaji na cha kwanza kupotea nyumba yenye watoto. Ukishindwa kusubiri, chukua A9 ya X115, na mitihani ya hisabati yenye michoro uendelee kuichapisha.

Dukani nenda na mjukuu, na mtihani mmoja wa PDF kwenye memori kadi. Ufungueni, asome swali la jometri bila kuvuta kioo. Kisha mpigie mwanao kwa Meet hapo hapo, utoke nje juani uone kama sura yake bado inaonekana. Mitihani ukishaipakua, na vitabu vya Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) utakavyoweza kuvihifadhi, havitakula bando tena.

SWALI: Shangazi kaniletea Amazon Fire HD 10 kutoka Minnesota. Play Store haipo, na kila nikiiwasha linatokea tangazo. Ni mbovu? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Nzima kabisa. Amazon wamejenga mfumo wao juu ya Android na wakaweka duka lao wenyewe. Tangazo ni kwa sababu aina hiyo huuzwa kwa bei nafuu kwa masharti ya matangazo. Huondolewa kwa kuwalipa Amazon kupitia akaunti iliyosajili kifaa, na pengine hiyo ni ya shangazi, mwulize kwa adabu. Vijana huingiza Play Store kwa njia za panya, na inakubali, lakini sasisho moja linaweza kuivuruga. Programu ya benki nisingeiweka humo. Laini haiingii. Filamu na vitabu, hapo utaifurahia.

SWALI: Nasoma chuo Dodoma. Nimenunua kibodi ya bluetooth, nataka tableti ya inchi 11 iwe laptop yangu. Inawezekana? (Mwanachuo)

JIBU: Kwa kusoma hendauti, ndiyo. Kwa SPSS, ile programu ya takwimu, hapana, haiingii kwenye Android. Na Word ya bure ya Microsoft hukuruhusu kuhariri kwenye vioo visivyozidi inchi 10.1, juu ya hapo wanataka ulipie. Kwa hela hiyohiyo tafuta laptop iliyotumika yenye SSD (diski ya kasi) na RAM 8. Kibodi kama bado iko kwenye boksi na risiti unayo, irudishe wiki hii.