Ukienda kumtembelea mama mwenye mkopo, acha gari barabarani

Kwa miaka kama mitatu hivi nilikuwa najitolea kwenye mradi mmoja wa mikopo midogo, kazi yangu kuzungukia akina mama wenye biashara ndogondogo, sanasana Tandale na Manzese hapa Dar. Na kwa vile naona sa hivi vikundi vya kanisani, wanachuo na wageni kutoka nje wanapelekwa sana kwenye ziara za namna hii, naomba niseme niliyojifunza, maana mengine niliyajifunza kwa kumuumiza mtu.

Tuanze na hilo. Mara ya kwanza tulienda na gari, lile kubwa lenye maandishi ubavuni, tukapaki kabisa mbele ya mlango wa mama mmoja anayepika vitumbua, watu wanne vitambulisho shingoni, mmoja na kamera. Tukakaa nusu saa tukaondoka tumefurahi. Wiki iliyofuata nimerudi peke yangu namkuta hana raha, kumbe mtaa mzima umejua tulikuja kumdai. Uswahilini gari kama lile likisimama kwa mtu aliyekopa watu wanajua kinachofuata, inatolewa TV, linatolewa godoro. Mwenye duka aliyekuwa anampa mchele na sukari kwa mali kauli akamwambia kuanzia leo leta keshi, na wenzie wa kikundi wakaanza kuulizana chinichini kama ameshindwa marejesho, maana wao ndo dhamana yake, akikwama yeye wanachanga wao. Yani nusu saa yetu ilimkatia mali kauli karibu mwezi mzima. Hakunigombeza hata, aliniambia tu, "Mwanangu, siku nyingine njoo kwa miguu."

Kwa hiyo shukia barabarani, vua kitambulisho, salimia majirani kama mgeni wa kawaida, na usiongozane na afisa mikopo.

Halafu saa. Sisi ratiba yetu ilikuwa saa tano asubuhi, tunamkuta anasugua masufuria, mwenzetu mmoja akaandika kwenye ripoti kwamba biashara imedorora. Biashara ilishaisha saa tatu! Yule mama mchele anauloweka mchana, jioni anasaga na tui la nazi na iliki, anatia hamira, saa kumi usiku anawasha mkaa. Nilipokuja kwenda saa kumi na moja alfajiri nikapewa kigoda pembeni ya chuma cha vitumbua ndo nikaona hela inavyotembea. Wateja wa kwanza ni makondakta na mafundi, kuanzia saa kumi na mbili wanafunzi, na yeye huku anageuza kwa kijiti huku anapokea sarafu na kila baada ya muda anatupia kwenye kopo la maziwa lililotobolewa mfuniko. Elfu 4 kila siku, siku sita, kabla hajanunua hata chumvi. Hilo ni kopo la rejesho, na halifunguliwi hata mtoto akiumwa.

Usimuulize "mkopo umekusaidiaje", jibu utakalopewa ni nashukuru Mungu umenisaidia sana, kwa sababu anaamini wewe ndo umeshika mkopo unaofuata. Muulize jana ulinunua mchele kilo ngapi, hela ya mafuta ulitoa wapi. Mi kwa maswali hayo ndo nilijua kwamba ule mkopo wa laki 4 mkononi zilifika 355,000 baada ya fomu, bima na akiba ya lazima, na anarejesha 23,000 kila wiki kwa wiki 20, na kwenye hizo 355,000, laki na ishirini ilienda kodi, mwenye nyumba anataka miezi mitatu kwa mpigo. Wengine wangesema ametumia mkopo vibaya. Mi sikubali. Kile chumba ndo jiko lake na ndo stoo yake, akitolewa pale hana biashara.

Swali la deni lingine liulize mkiwa wawili tu, usithubutu mbele ya kikundi wala mume. Sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni lakini mtaani kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, wapo, na wanaingia pale pale mtu alipoteleza. Masika Mto Ng'ombe ulijaa, maji yakaingia ndani, mkaa ukalowa, siku nne hajapika na rejesho linasubiri, akachukua elfu 50 arudishe 65 ndani ya wiki mbili. Aliniambia hivyo macho yako kwenye chuma, hakuniangalia.

Picha omba kwanza, na vitumbua nunua kwa bei yake na chenji uchukue, maana ukimwachia noti mbele za watu kesho anaombwa yeye.

Kikubwa zaidi, ukiambiwa jambo lipeleke kwa wenye maamuzi na ulifuatilie. Yeye aliniambia Juni na Desemba shule zikifungwa wateja nusu hawapo lakini rejesho liko palepale. Nikaandika, kimya, nikaulizia tena na tena, mkopo uliofuata kikundi chao kikaruhusiwa kulipa nusu wiki za likizo na kufidia mwishoni. Nilimpelekea habari mwenyewe, kwa miguu.

Na kama ziara yako imeangukia Ramadhani basi sahau alfajiri, jiko halijawashwa. Nenda saa tisa alasiri anapoanza kupanga vitu vyake, na ikikaribia magharibi aga mapema, naye anatakiwa akafuturu na wanae.