Projesteroni ya ubongo wa panya mchanga
Mdogo wangu wa Nyegezi, umeuliza kama homoni ya projesteroni kwenye ubongo wa panya mchanga hutoka kwenye damu tu. Hapana, ubongo nao huitengeneza. Protini ya StAR huingiza kolesteroli ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli (hatua hii ndiyo huamua kasi ya kazi yote), kimeng'enya cha P450scc huikata iwe pregnenoloni, kisha kimeng'enya cha 3β-HSD huigeuza kuwa projesteroni. Seli za Purkinje, seli kubwa za neva kwenye ubongo wa nyuma (serebela), hufanya hivyo siku za mwanzo baada ya kuzaliwa.

Ila ukipima projesteroni ya ubongo, pima pia ya damu ya panya huyohuyo. Ubongo kuizidi damu bado si ushahidi tosha kwamba umeitengeneza wenyewe, maana mafuta ya ubongo hufyonza steroidi (homoni za jamii ya projesteroni) kutoka kwenye damu. Na gandisha tishu ya ubongo papo hapo. Kwa joto la Mwanza, ukiiacha mezani vimeng'enya vinaendelea na kazi na vipimo havitakuwa sahihi.