Mkaa haui, mkaa hunasa

SWALI: Dukani Kariakoo nimekuta chujio la maji limeandikwa: "Lina mkaa hai wa vifuu vya nazi. Unaua kemikali sugu zote za PFAS." Je, "mkaa hai" ni Kiswahili sahihi, au tuseme "mkaa amilifu"? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Sema mkaa amilifu. Asili yake ni amali, neno la Kiarabu lenye maana ya kazi, na mkaa huu kweli umetiwa kazi: vifuu huchomwa kwa hewa haba, kisha makaa yake hupitishiwa mvuke wenye joto kali hadi yajae vitundu visivyoonekana kwa macho. "Mkaa hai" siupendi, ila umeshazoeleka na nimechoka kuupigia kelele.

Lakini hilo "unaua" silivumilii hata kidogo! Huuawa chenye uhai. Klorini huua vijidudu, moto wa jiko huua vijidudu. PFAS ni kundi la kemikali zilizotengenezwa na binadamu, hazijawahi kuwa hai. Ndani yake kaboni imeshikamana na florini kwa nguvu kubwa mno, ndiyo maana zinaitwa sugu. Ukizichemsha, maji hupungua kwa mvuke, zenyewe hubaki sufuriani zimekolea zaidi. Mtu aliyefundishwa na tangazo kwamba kemikali "huuawa" ataziinjika jikoni, kisha atawanywesha wanawe akiwa na amani kabisa. Kitenzi kibovu kimeingia kwenye kikombe cha mtoto.

Na kitenzi chenyewe tunacho: kunasa. Nani hajui ulimbo? Ndege hatui ndani ya ulimbo, hunata juu yake, na hivyo ndivyo PFAS zinavyonata kwenye kuta za vile vitundu. Ndege aliyenasa hajafa. Ulimbo ukijaa manyoya, ndege wa baadaye hutua na kuruka zake. Mkaa ukijaa, kemikali hupita moja kwa moja hadi bombani. Tena si ndege wote wanaonaswa sawasawa: PFAS zenye mnyororo mrefu wa kaboni, kama zile ziitwazo PFOA na PFOS, hushikwa vizuri, zile za mnyororo mfupi huponyoka mapema. Kwa hiyo hata neno "zote" ni uongo. Na mkaa uliojaa ukitupwa jalalani, mateka wote wamo bado, wanangoja mvua iwarudishe ardhini. Neno "kuua" linamficha mnunuzi mambo yote haya. "Kunasa" linamfanya aulize mwenyewe: zimenaswa, sasa ziko wapi?

Wapo wanaosema mkaa "hunyonya". Sifongo ndiyo hunyonya, lakini basi, anayesema hivyo hatamdhuru mtu.

Mwenye duka afute bango lake aandike: "Mkaa amilifu wa vifuu. Hunasa sehemu kubwa ya PFAS zenye mnyororo mrefu. Badilisha kabla haujajaa." Na tarehe ya kubadilisha aiandike kwa herufi kubwa kuliko bei.