Kabla hujamshtaki fundi

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama inafaa umshtaki yule fundi aliyechukua malipo ya awali ya kabati, akaleta fremu bila milango, na sasa hapokei simu. Umeuliza pia kama lazima uweke wakili.

Wakili si lazima. Mahakama ya madai madogo iliwekwa ili mtu ajisemee mwenyewe. California wakili haruhusiwi hata kumwakilisha mtu siku ya kusikilizwa. Angalia tu kikomo cha madai cha hapo ulipo. Kenya ni shilingi 1,000,000. England na Wales, kwa madai kama yako, ni pauni 10,000.

Ila jiulize kwanza: huyu fundi ana nini cha kukamatwa? Ukishinda, mahakama haitamtoa pesa mfukoni ikuletee. Wewe ndiye utakayerudi kuomba mali yake ikamatwe au akaunti yake izuiwe, na ombi lenyewe lina ada. Kwa hiyo chunguza mapema karakana ni ya nani, na mashine ni zake au za kukodi. Ile stakabadhi ya benki ya malipo ya awali itunze vizuri: ina namba ya akaunti yake, na huko ndiko utakakoanzia.

Halafu jina. Maandishi ya kwenye kibao cha karakana huenda si jina la mtu wala kampuni. Kama ni kampuni iliyosajiliwa, unashtaki kampuni. Kama ni jina la biashara tu, unamshtaki mwenye biashara kwa jina lake kamili. Ukikosea hapa, unaweza kupata hukumu dhidi ya mtu asiyekuwepo.

Mwandikie barua ya madai, umpe siku 14. Taja kiasi, kimetokana na nini, na tarehe ya mwisho. Matusi usiweke, maana barua hiyo hiyo ndiyo atakayoisoma hakimu.

Kiasi chenyewe usikikisie. Fremu unayo na ina thamani, kwa hiyo huwezi kudai malipo yote kana kwamba hukupata kitu. Chukua makadirio ya maandishi kwa mafundi wengine wawili, ya kutengeneza na kufunga milango. Jumlisha gharama hiyo na ulichokwisha kulipa, kisha toa bei mliyokubaliana. Kinachobaki ndicho hasara yako. Usumbufu na hasira havina risiti; ukivipachika humo, hata hesabu yako safi itatiliwa shaka.

Meseji zake zichape. Umemhifadhi kama "Fundi Kabati", na jina hilo halithibitishi lolote. Picha ya skrini ionyeshe namba yake na tarehe. Ile aliyoandika "milango nitaleta mwezi ujao" iweke mbele, maana hapo amekiri mwenyewe kwamba hajamaliza. Tengeneza seti tatu zenye namba za kurasa: ya mahakama, ya mdaiwa na yako.

Wito umfikie kwa njia ambayo mahakama inaikubali, na uthibitisho uwepo. Watu wengi huanguka hapa: wanapata hukumu ya upande mmoja, yaani inayotolewa mdaiwa asipojitokeza, kisha mdaiwa anaibuka na kusema hakuwahi kupata wito, hukumu inatenguliwa, mnaanza upya.

Siku ya kusikilizwa anza na kiasi unachodai na sababu yake. Historia ya urafiki wenu iache nyumbani. Huenda naye akaleta madai kinzani kwamba ulibadilisha vipimo, kwa hiyo nenda na mchoro wa mwanzo.

Akikuomba pale kwenye korido alipe kwa awamu, kubali ukitaka, lakini yaandikwe na mahakama iyarekodi. Usiondoe kesi kwa ahadi ya mdomo.

Rasimu ya barua ya madai nitumie niipitie kabla hujampelekea.

Baba yako